Boksi la Bluu Likipita, Usinisalimie

Nilistaafu Ijumaa iliyopita, nikiwa na miaka kumi na saba, goti moja linalolalamikia ngazi, na cheti cha utumishi kilichoandikwa kwa mkono wa Papa Ilunga, ambacho Bibi amekibandika jikoni juu ya birika ili wageni wakisome wakati chai inachemka. Miaka mitatu nilikuwa mvutaji. Msicheke. Kazi yangu ilikuwa kuvuta vipande vya mpira mpaka vikatike, kisha kuandika vimekatikaje. Sasa mtihani wa matriki, ule wa kumaliza shule, unanipumulia shingoni, Bibi amesema kiti changu akikalie mwingine, na nyinyi wawili wa gredi ya nane mnaoanza Jumatatu nimesikia mmeshaanza kugombania nani atabonyeza kitufe chekundu.

Kitufe chekundu ni cha kuzimia. Cha kuwashia ni cha kijani. Siku yangu ya kwanza nilisimama mbele ya mashine dakika ishirini nikibonyeza chekundu kwa ujasiri mkubwa, nikasema imeharibika. Kwa hiyo mnaona, mnarithi kiti cha mtu mwenye historia.

Mstaafu ana haki moja tu duniani, nayo ni kuongea bila kukatizwa. Kaeni.

Sikuja pale kwa kupenda sayansi. Nilikuja kwa adhabu. Nilijaza maji kwenye chupa ya soda, nikaisukumia hewa kwa pampu ya baiskeli, ikaruka juu ya paa la shule na kutua kwenye sahani ya mwalimu mkuu, aliyekuwa anakula nje kwenye jua. Mwalimu wetu wa fizikia akasema, "Mwajuma, kama unapenda kurusha vitu, nenda kajifunze kwa watu wanaorusha kwa akili." Akanipeleka Doornfontein, hapa hapa Johannesburg, kwenye karakana ya ghorofa ya tatu ambako wanafunzi wa chuo wana chama chao cha roketi. Pale nikamkuta Papa Ilunga, mpimaji wao, amevaa koti jeupe, ameinamia mashine kama mtu anayesikiliza siri.

"Weye njo mutoto wa chupa?"

"Ndiyo, Papa."

"Ilipanda mita ngapi?"

Nikasema sijui.

"Ah. Basi haukurusha kitu. Ulitupa tu."

Mnajua mimi ni mtu wa maneno. Neno lile, ulitupa tu, ndilo lililonirudisha kesho yake bila kulazimishwa.

Sasa, kitu chenyewe. Roketi ya chama hutumia fueli ngumu. Inaitwa ngumu kwa sababu si ya maji, lakini ukiiminya inaminyika kama raba ya kufutia. Fikirieni kashata: sukari imeshika njugu. Pale ni mpira umeshika chembe za kitu kinachowaka. Inamiminwa ndani ya bomba la chuma ikiwa uji, inaganda, inanata kwenye kuta za bomba, na katikati wanaacha tundu refu. Moto unaanzia kwenye tundu hilo na kula kuelekea nje.

Sisi hatuigusi fueli yenyewe. Hiyo iko nje kabisa ya mji, kwa watu wenye leseni na uzio. Sisi tunavuta bandia yake: mpira ule ule, ila badala ya chembe za moto wanaweka chumvi ya mezani. Haiwaki hata uibembeleze kwa kiberiti. (Nilijaribu. Papa Ilunga hajui. Sasa anajua.)

Kwa nini tuivute? Kwa sababu baridi ikija, fueli inasinyaa kuliko chuma. Lakini imegundishwa kwenye chuma, haiwezi kukimbia. Kwa hiyo inajivuta yenyewe ndani kwa ndani, kama suruali iliyosinyaa ikakukuta bado umeivaa. Ikiwa laini, inavumilia. Ikiwa kavu, inapasuka kwenye lile tundu. Na kila ufa ni mlango mpya wa moto: mahali pa kuungua panaongezeka, gesi inazidi, bomba linafumuka. Roketi inageuka kitu kingine, na hakuna anayetaka kusimama karibu yake.

Basi tunapima mambo mawili. La kwanza ni mkazo, yaani nguvu unayovutia ukiigawa kwa ukubwa wa kiuno cha kipande, sehemu yake nyembamba ya katikati. La pili ni mnyumbuko, yaani kimerefuka kiasi gani ukilinganisha na kilivyokuwa. Lastiki ya sketi ya Bibi ikiwa sentimita kumi na ikafika kumi na tano, imenyumbuka nusu yake. Nusu ni nusu, upime kwa sentimita au kwa vidole.

Hilo la vidole lilinipa aibu na nusu ya heshima kwa wakati mmoja. Rula ilipotea, nikaazima tepu ya Tonton Deo, fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza, Mrundi mwenye pini mdomoni muda wote. Tepu hiyo imezunguka viuno vya nusu ya jiji, nayo imevutika. Mnyumbuko ulitoka sawa kabisa, kwa sababu kosa la kabla na kosa la baada yalifutana. Lakini upana wa kiuno ulitoka mwembamba kuliko ukweli, na mkazo ukaruka juu kama kipande ni cha chuma. Papa Ilunga aliinyoosha tepu juu ya rula mpya, akacheka mpaka akakaa chini. "Tape ya mushonaji imechoka kupita kipande yetu!" Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kwa nini namba moja ilipona na nyingine ikaumia. Nilikaa na swali hilo siku mbili. Yeye hakupi jibu. Anakupa swali na kiti.

Kipande chenyewe tunakiita mfupa, kwa sababu kinafanana na mfupa wa mbwa wa kwenye katuni: mpana juu na chini, mwembamba katikati. Ncha pana zinashikwa na taya za mashine. Msipime umbali wa taya! Ncha nazo zinavutika na kuteleza, na mashine itakudanganya kwamba kiuno kimenyumbuka zaidi ya kilivyonyumbuka. Chora nukta mbili nyeupe kiunoni, weka kamera, pima umbali wa nukta. Na msibandike vile vipimio vya karatasi ya chuma vinavyobandikwa kwenye madaraja. Kwenye mpira laini ni sawa na kumfunga mtu goti kwa plasta ngumu, halafu ukamuuliza mbona halipindi.

Mambo mengine mtayaona wenyewe, na ndiyo raha ya kazi hii. Ukivuta haraka, mpira unakuwa mbishi. Ukivuta polepole, unakubali, kama donge la unga wa chapati. Ukiuvuta ukasimama hapo hapo bila kulegeza, nguvu inashuka yenyewe dakika baada ya dakika, kama hasira za Bibi. Na kabla haujakatika, kiuno kinapauka. Mara ya kwanza nilidhani kamera ina vumbi. Papa akanipa lenzi. Kumbe zile chembe za chumvi zinaachia mpira moja moja, na kila inapoachia panabaki kishimo kidogo. Nilitazama vipande kumi na viwili mchana ule na nikasahau kula. Mimi!

Sasa nawaambia kuhusu boksi.

Majira ya baridi mwaka jana friza ya karakana ilikufa. Ng'ambo ya barabara, baada ya robot, yaani taa za kuongozea magari, kuna spaza ya Mama Bahati, kiduka cha mtaani, na friza yake ilikuwa imezeeka kiasi kwamba aiskrimu za vijiti zilikuwa zinakunjika. Wateja walimtukana. Papa Ilunga aliingiza kipimajoto mle ndani na karibu ambusu: digrii tano chini ya sifuri, sawasawa na alfajiri ya kule jangwani ambako roketi ingerushwa. Mifupa yetu ikapata chumba kati ya miguu ya kuku na aiskrimu.

Chama kilikuwa kimenunua pipa la mpira mpya, unaomiminika vizuri kuliko wa zamani. Wale wenye leseni walishajaza bomba, na bomba lilikuwa linasubiri kule jangwani kwenye banda lisilo na kipasha joto. Kurusha ni Jumamosi alfajiri. Kilichobaki ni karatasi moja kusema kwamba mpira huu, ukiwa baridi, unavutika vya kutosha.

Na karatasi hiyo lazima niwaeleze, kwa sababu kila kitu kinaning'inia hapo. Papa Ilunga alikuwa mhandisi Lubumbashi. Alikuwa anapima vyuma vya mgodini, na watu walishuka chini ya ardhi kwa neno lake. Alipofika hapa, vyeti vyake vilisema Kifaransa na ofisi zilisema Kiingereza, kwa hiyo miaka kumi na mmoja alilinda magari kwenye maegesho ya maduka Randburg. Chuo kilipomchukua, alipima yeye, akasaini mwingine, kijana ambaye sina hakika kama alijua mashine iko chumba gani. Karatasi ya mpira mpya ilikuwa ya kwanza ambayo profesa aliandika chini: "Aliyepima na kuthibitisha," na pembeni jina la Papa Ilunga. Alinunua kalamu. Aliiweka mfukoni wiki nzima bila kuifungua.

Kazi yangu ilikuwa kutoa mifupa kwa Mama Bahati, kuitia kwenye boksi la bluu la barafu, lile ambalo watu wengine wanapelekea soda pikniki, na kuileta juu ikavutwe ikiwa bado baridi. Maagizo yalikuwa mawili. Usifungue boksi. Njoo moja kwa moja.

Lakini jengo letu mnalijua. Nani anapita mlango wa Da Chantal bila kusalimia? Yeye ni wa Bukavu, anasuka nywele ghorofa ya chini, na salamu yake ina vyumba vinne na sebule.

"Jambo, maman! Umeamkaje? Bibi ameamkaje? Mguu wake? Na ule mguu mwingine?"

Mimi nimelelewa na mwanamke wa Morogoro aliyemfuata mumewe, mkimbizi wa Afrika Kusini, mpaka Johannesburg miaka ile wakimbizi wanarudi kwao. Amenifundisha kwamba kumpita mtu mzima kimya ni sawa na kumkanyaga. Basi najibu mguu baada ya mguu. Halafu Da Chantal anasema, "Hebu tuone mifupa ya roketi," na wateja wake, nusu kichwa kimesukwa nusu bado, wananyoosha mikono. Nafungua. Mifupa inazunguka mkono hadi mkono. "Ni baridi kama pua ya mbwa!" Ghorofa ya kwanza Tonton Deo naye anatema pini, anaulizia shule, anaminya mfupa kama anachagua kitambaa. Nilikuwa maarufu. Nilipenda kuwa maarufu. Nikifika juu naweka mfupa kwenye taya, nabonyeza kijani, na kwenye safu ya joto naandika: chini ya sifuri, tano.

Jumatatu mifupa yote ilivutika vizuri. Jumanne vilevile.

Jumatano nilitoka kung'olewa jino. Shavu lilikuwa kama nimeficha chungwa, mdomo umekufa ganzi, mate yanatoka bila ruhusa. Nilijifunga skafu na kupita mlango wa Da Chantal kwa mbio kabla hajaona. Nikapanda ngazi mbili mbili. Mifupa mitatu. Wa kwanza nikauweka, nikabonyeza.

Tak.

Haukupauka wala kurefuka. Ulikatika tu kama biskuti. Nikaweka wa pili. Tak. Nikasimama nimeshika vipande vinne, natokwa na mate juu ya daftari, najiuliza nimekosea nini. Nikaangalia taya, nikaangalia kasi, nikapangusa kamera. Nikanywa dawa ya maumivu. Baada ya muda nikaweka wa tatu, uliokuwa umelala mezani muda wote huo, nao ukavutika vizuri kama ndugu zake wa Jumatatu.

Na hapa, vijana wangu, nilifanya kosa ambalo hata nyinyi mtatamani kulifanya. Nikasema ile miwili ilikuwa mibovu, labda ina povu la hewa ndani. Nikaitupa kwenye pipa la taka. Nikaandika wa tatu peke yake.

Alhamisi Papa Ilunga alikuja amevaa koti la suti. Koti la suti, kusaini karatasi moja! Alisoma namba zangu kwa kidole, mstari hadi mstari, akafungua kalamu, akaijaribu kwenye gazeti, akasaini. Kisha akaipiga picha karatasi na kuituma Lubumbashi kwa dada yake. Nilipiga makofi kwa shavu moja.

Ijumaa saa tisa nilikuwa kwa Mama Bahati nanunua aiskrimu ya kijiti, si ya kula, ya kuweka shavuni. Nikavuka robot. Da Chantal akanikamata: jambo, jino, bibi, mguu, mguu. Tonton Deo akataka kuona pengo. Nilipofika ghorofa ya tatu niliinua aiskrimu kuiweka shavuni, nikabaki na kijiti. Juisi nyekundu ilikuwa imenishuka mpaka kwenye kiwiko.

Nikatazama kijiti. Nikatazama ngazi, matone mekundu yamejipanga: mengi sana mlangoni kwa Da Chantal, mengi kwa Tonton Deo, machache katikati. Ilikuwa ramani ya salamu zangu. Na njia ilikuwa ile ile ya mifupa.

Siwezi kuwaambia niliogopa kwanza. Ningekuwa mwongo. Kwanza nilitaka kujua. Nilichukua kipimajoto cha sindano, nikarudi kwa Mama Bahati, nikakichoma kwenye mfupa mmoja wa akiba, nikapanda kama kawaida yangu, na maonyesho yote. Mlangoni mwa karakana mfupa ulikuwa digrii kumi na mbili juu ya sifuri. Kumi na mbili! Jumatatu na Jumanne tulikuwa tumepima mchana mzuri wa Doornfontein na kuuita alfajiri ya jangwani. Mifupa pekee iliyofika baridi ni ile niliyoitupa.

Hapo ndipo nikaogopa. Gari la chama lilikuwa linaondoka saa kumi na moja.

Papa Ilunga alikuwa anafuta mashine, koti la suti limetundikwa msumarini, hajalirudisha nyumbani.

"Papa, namba zangu si za baridi."

"Njo kusema nini?"

Nikamweleza. Salamu, mikono ya wateja, jino, tak, tak, aiskrimu. Nilijaribu kuweka mzaha katikati, ukafia njiani. Alivua miwani. Nilidhani atauliza kuhusu karatasi.

"Ile mbili iko wapi?"

"Kwenye pipa."

"Pipa walimwanga?"

Kumwaga pipa ilikuwa kazi yangu, na mimi ni mvivu. Naomba iandikwe mahali kwamba siku moja uvivu wangu ulisaidia kitu. Alipekua mwenyewe, akatoa vile vipande vinne, akaviunganisha mezani viwili viwili, akatazama mahali vilipokatika kwa lenzi. 

"Hakuna povu," akasema. "Kipande haina kosa. Weye uliificha."

"Sikuficha, Papa. Nilitupa."

"Kutupa njo kuficha kwa mutu mvivu." Akavaa miwani. "Bon. Bado mifupa ngapi kwa Mama Bahati?"

"Minne."

"Leta. Na ngoja kwanza."

Akashuka. Nilimsikia anagonga mlango hadi mlango.

"Huyu mutoto atapita na boksi ya bluu. Hakuna mutu wa kumusalimia."

"Hata jambo?" Ni Da Chantal.

"Hata jambo."

"Na bibi yake? Nisiulize mguu?"

"Mguu itangoja."

"Nikimutazama tu, Papa Ilunga?"

"Tazama ukuta."

Nikatoka kwa Mama Bahati na boksi kifuani, kipimajoto kimechomwa kwenye mfupa wa nne. Robot ilikuwa nyekundu. Sijawahi kuona nyekundu yenye roho mbaya kama ile. Ikageuka kijani, nikakimbia. Saluni yote ilikuwa imegeukia ukutani, wateja na vitana vyao, na Da Chantal amejifunika mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatetemeka. Tonton Deo alijaza pini zote mdomoni ili asijisahau. Jengo ambalo halijawahi kunyamaza tangu lijengwe lilinyamaza, nikasikia viatu vyangu mwenyewe mpaka juu.

Chini ya sifuri, tatu.

Papa Ilunga aliweka mfupa yeye mwenyewe. Akabonyeza kijani.

Tak.

Wa pili, tak. Wa tatu aliuvuta polepole kuliko wote, akiupa kila nafasi ya kujitetea. Tak. Mkono wake ulibaki juu ya mashine. Mimi nilikuwa natazama lile koti la suti msumarini kwa sababu sikuweza kumtazama mwenye koti.

Karabo akaingia, kiongozi wa chama, funguo za gari mkononi. Karabo haongei Kiswahili, kwa hiyo nawatafsiria na kumpunguzia matusi. "Papa, tunaondoka. Karatasi iko sharp, si ndiyo?"

"Hapana. Karatasi haiko sawa."

"Eish, Papa. Miaka miwili. Watu sitini wameshapanga safari. Jana ulisaini mpira mzuri, leo unaniambia mbaya. Sasa profesa atakusikiliza vipi tena? Nitamwambia nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na wote watatu tulilijua. Mtu amesubiri sahihi miaka yote ile, na ya kwanza kabisa anaifuta baada ya siku moja. Papa Ilunga angeweza kunitaja. Nilikuwa nimesimama pale pale, na shavu langu, ni rahisi kulenga. Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Akaninyamazisha kwa kidole.

"Utamwambia Ilunga alipima vibaya, halafu akapima vizuri." Akafungua boksi, akatoa mfupa wa mwisho, ule wenye kipimajoto, akachomoa sindano, akamtilia Karabo mfupa mkononi. "Vuta."

Karabo akavuta kwa mikono miwili. Ukakatika kabla hajakunja uso.

Akavitazama vipande. Akaweka funguo mezani.

Papa akachukua karatasi nyeupe, akaandika upya, na kalamu ile ile mpya. Safari hii hakuijaribu kwenye gazeti. Aliposaini hakupiga picha.

Walienda jangwani wakiwa wachache, kuangalia tu. Jumamosi wale wenye leseni waliingiza kamera nyembamba kwenye lile tundu la katikati. Saa nne asubuhi Karabo alimtumia Papa picha: giza, na ndani ya giza mstari mmoja mwembamba, urefu wa kidole changu. Ufa. Picha haikuwa na maelezo chini yake, neno moja tu: "Papa."

Profesa alimwita Jumatatu. Nilisubiri nje nikila kucha. Alitoka, akapita kama hanioni, akafika ngazini ndipo akasema, "Sasa kila karatasi ya mpira inangoja mimi nisaini. Hata ya wengine." Na akaongeza, "Weye uandike."

Niliandika. Daftari la bluu, ukurasa wenye doa jekundu la aiskrimu, kwa mwandiko wangu: nani alisalimia, muda gani, joto gani, na ile miwili niliyoitupa, kila mmoja na namba yake. Roketi ilirushwa wakati wa joto, na mpira wa zamani, na ilipanda mita ambazo safari hii zilipimwa. Vile vipande vinne vimening'inia kwa uzi karibu na mlango. Mkiingia Jumatatu vitawagonga paji la uso, kwa sababu nilivipima kwa urefu wa gredi ya nane.

Andikeni joto la mfupa. Friza ina joto lake, mfupa una lake. Na mfupa ukiwashangaza, msiguse pipa. Kaeni nao. Ulizeni umepita wapi.

Friza ya karakana ilitengenezwa mwezi wa pili, lakini jengo halikusahau. Mpaka leo boksi la bluu likitokea mlangoni, watu wananyamaza na kugeukia ukutani, hata mteja aliyeingia leo kwa mara ya kwanza, anageuka tu kwa kuona wenzake wamegeuka. Sijawaeleza kwamba inatosha. Nilikuwa naona raha.

Ijumaa iliyopita, siku yangu ya mwisho, niliingia nalo. Kimya. Da Chantal akageuka, mkono mdomoni. Nikalitua sakafuni katikati ya saluni, nikafungua kifuniko, nikaliinamisha waone. Halikuwa na kitu.

"Jambo, maman," nikasema.

Alipiga kelele mpaka ghorofa ya tatu. Akauliza jino, bibi, mguu, mguu mwingine, mtihani, na mambo ya mwaka mzima yaliyomkaa kooni. Tonton Deo akashuka na pini zake. Wateja wakaomba boksi wachungulie, wakaona haya wenyewe, wakacheka. Nilijibu kila mguu.

Nilipofika juu Papa Ilunga alikuwa amesimama mlangoni na saa mkononi.

"Dakika makumi ine na mbili," akasema. "Ungekuwa kipande, singekukubali."

"Lakini ungeniandika, Papa."

Akachukua daftari, akatafuta kalamu.